Gemu Ndani ya Gemu: Nyuki, Farasi na Daftari la Dakika

Leo tuwaache kidogo mastaa wapumue, tuongelee kitu ambacho wengi wenu mmekicheza bila kukipa jina. Ni ile gemu ndogo iliyofichwa ndani ya gemu kubwa. Umeweka CD ya gemu ya wahuni na bunduki, unazurura mtaani, unaingia baa, unakuta meza ya pool na kweli unaweza kuicheza. Pembeni kuna mashine ya gemu imesimama. Unaisogelea, unabonyeza kitufe, na sasa mtu wako anacheza gemu wakati wewe unamcheza yeye.

Mimi nina deni na mada hii. Kwenye ukoo wetu kuna magunia sita ya maharage yaliyopotea, na kila tukikutana msibani au harusini kuna mtu lazima ayataje. Wengi wanasema kijana aliharibiwa na simu. Mimi niliyemwona tangu mdogo najua stori inaanzia nyuma zaidi, kwenye TV ya chogo na pedi iliyolegea. Na sisemi gemu ndiyo iliyomharibu. Subirini niwaeleze.

Nimekulia Busunzu, wilaya ya Kibondo, huko juu Kigoma ambako asubuhi ya mwezi wa sita unatoka na blanketi begani. Mwaka 2010 kaka yangu alifungua kibanda cha gemu karibu na barabara. Mabati ya zamani, benchi mbili, PlayStation 2 moja, pedi mbili, memori kadi moja, na jenereta dogo nyuma ya ukuta lililopiga kelele kuliko spika. Umeme wa uhakika ulikuwa ni habari ya watu wa mbali. Hela ya petroli ndiyo iliyomtoa kaka jasho, kwa hiyo bei zilipangwa kwa ukali. Mechi ya mpira, shilingi 200 kila mmoja, na aliyefungwa anaachia pedi. GTA haina mwisho, kwa hiyo ile iliuzwa kwa muda: nusu saa, shilingi 500.

Kazi yangu ilikuwa kushika daftari. Nakaa mlangoni na saa ya mkononi, naandika nani kaanza saa ngapi, na dakika zikiisha naita. Kaka alinipa kazi hiyo kwa sababu, kwa maneno yake, "wewe huna aibu ya kudai." Watoto wa kike hatukuwa tunashika pedi mbele za watu, lakini kwa kukaa pale mlangoni nilijifunza kitu ambacho wachezaji hawakukiona. Nilijua kila mtu anafanyia nini dakika zake.

Mpira ulikuwa ni vita, hauna siri. GTA ndiyo iliyonivutia. Tulikuwa na San Andreas, ile iliyotoka 2004. Misheni zake zinaongea Kiingereza cha haraka cha mitaa ya Marekani, na pale kibandani hakuna aliyekuwa anaelewa zaidi ya neno moja moja. Kwa hiyo hadithi ya CJ na ndugu zake ilikuwa kama redio ya jirani, unasikia sauti tu. Vijana wengi walikuja na kodi zimeandikwa kwenye karatasi iliyokunjwa mara nane: kodi ya silaha, kodi ya kifaru, kodi ya hela. Wanafanya fujo nusu saa, polisi wanajaa, muda unaisha, wanaondoka wanacheka.

Lakini kulikuwa na wawili ambao hawakuwa hivyo. Majina yao nayaacha, nitatumia ya kijiweni. Mmoja tulimwita Nyuki. Mwingine tulimwita Farasi.

Nyuki alikuwa mtoto wa mzee mwenye mizinga. Asali ya kwetu mnaijua, inauzwa hadi mjini kwenye chupa za maji, na yeye siku za kazi alikuwa msituni na baba yake au shambani. Alikuja Jumapili tu, na shilingi 500 yake imelainika kwa jasho. Anakaa, anashika pedi, hapigi mtu, haibi gari. Anamtembeza CJ taratibu hadi kwenye mashine ya gemu. Ndani ya San Andreas kuna gemu ndogo kadhaa za namna hiyo: Duality, Go Go Space Monkey, They Crawled from Uranus, na moja inaitwa Let's Get Ready to Bumble, ambayo ni ya nyuki. Nyuki wetu alicheza hiyo ya nyuki. Nusu saa nzima. Wenzake walikuwa wanamzomea: "Umelipia jiji zima, unacheza mdudu!" Yeye wala hageuki.

Farasi alikuwa ndugu yangu kabisa, mtoto wa mama mdogo, aliyelelewa kwetu. Kwa desturi zetu huyo ni mdogo wangu, na mpaka leo ananiita dada. Yeye alikuwa na akili ya hesabu tangu utotoni. Ndani ya San Andreas kuna ofisi ya kubeti mbio za farasi, inaitwa Inside Track. Unachagua farasi mmoja kati ya watano, unaweka dau, unatazama wanakimbia kwenye skrini. Farasi mwenye nafasi ndogo ya kushinda ndiye anayelipa zaidi. Mdogo wangu alikuwa anaingia humo na hatoki.

Sasa kabla sijaendelea na hao wawili, niwaonyeshe kwamba mambo haya si ya Busunzu tu wala si ya GTA peke yake. Waliotengeneza gemu wamekuwa wakificha gemu ndani ya gemu kwa miaka mingi. Mwaka 1993 kampuni ya LucasArts ilitoa Day of the Tentacle. Kwenye chumba kimoja kuna kompyuta, na ukiikalia unaweza kucheza Maniac Mansion, gemu yao ya 1987, yote kutoka mwanzo hadi mwisho. Mwaka 1999 ikaja Shenmue ya Sega. Jamaa anatafuta aliyemuua baba yake, lakini njiani kuna ukumbi wa gemu wenye Space Harrier na Hang-On, na watu walikesha humo kisasi kikisubiri. Call of Duty: Black Ops ya 2010 ina kompyuta nyuma ya kile kiti cha menyu ya mwanzo. Ukijing'oa kwenye kiti, ukaifikia na kuandika ZORK, unaanza gemu ya zamani ya maandishi matupu. Na Uncharted 4 ya 2016, ambayo sehemu yake kubwa inakwenda Madagaska hapa jirani, ina pale Nathan Drake yuko nyumbani na mkewe, anacheza Crash Bandicoot sebuleni kama baba wa familia yeyote.

Yangu ya moyoni ni Assassin's Creed III ya 2012. Hadithi ni vita vya Wamarekani kudai uhuru, karne ya 18, lakini ukiingia kwenye vilabu vya pombe unaweza kukaa mezani ukacheza fanorona. Fanorona ni mchezo wa Madagaska. Yaani jamaa wa Canada wanatengeneza gemu ya Boston na New York, wanaficha ndani yake mchezo wa kete kutoka Bahari ya Hindi. Nilipoiona kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu. Mzee wangu alikuwa mtu wa bao, alicheza chini ya mwembe mpaka giza likamkuta anahesabu kete kwa vidole. Bao nalo ni hivyo hivyo: umeenda gulioni kuuza mbuzi, biashara ndiyo gemu kubwa, lakini pembeni kuna bao na wazee wamezunguka. Mbuzi anaweza kusubiri.

Kwa nini watengenezaji wanahangaika na vitu hivi? Sababu ziko nyingi. Wengine wanaweka kumbukumbu ya kazi yao ya zamani. Wengine wanataka jiji lao lionekane la kweli, na jiji la kweli lina baa yenye pool. Na wengine walikuwa wanatatua tatizo la kusubiri. Hapa nisikilizeni vizuri, maana ndipo daftari langu linapoingia.

PlayStation ya kwanza ilipotoka Japani, Desemba 1994, kampuni ya Namco ilitoa Ridge Racer, gemu ya magari. CD zilikuwa zinachelewa kusoma, kwa hiyo Namco wakaweka kipande cha Galaxian, gemu yao ya 1979, ucheze wakati gari linaandaliwa. Wazo tamu. Kisha wakaliombea hataza Marekani, yaani haki ya kisheria ya kumiliki ubunifu huo, wakaipata mwaka 1998. Haki hiyo ilikwenda hadi Novemba 2015. Miaka yote hiyo kampuni nyingine zilikuwa zinaogopa kuweka gemu ndogo kwenye muda wa kuloadi. Kwa mtoto wa Ulaya mwenye mashine yake nyumbani, hiyo ni kero ndogo, anaenda kuchukua maji anarudi.

Kwetu ilikuwa hela. San Andreas yetu ilikuwa CD iliyokwaruzika vibaya. Ukiiwasha inafikiria, inakwama, inaendelea. Na saa yangu haikusimama. Mtu kalipa shilingi 500 ya nusu saa, dakika mbili tatu zinaliwa na skrini nyeusi. Wateja waligomba, kaka akasema jenereta nalo halisimami. Mimi naandika tu. Hapo ndipo nilipoanza kuona kuna hela za aina mbili kwenye kile chumba. Kuna hela ya ndani, ile ya kijani inayoandikwa juu ya skrini. Na kuna hela ya nje, ambayo ni dakika.

Sasa turudi kwa Farasi na hesabu zake. Alikuwa na mbinu, na wacheza GTA wa dunia nzima wanaijua. Anakwenda kwanza nyumbani kwa CJ, anasevu. Kisha anaendesha hadi Inside Track, anaweka dau kubwa kwa farasi anayelipa zaidi. Akishinda, anarudi nyumbani kusevu. Akiliwa, haondoki na hasara hata kidogo: analoadi ile aliyosevu, hela yote inarudi, anajaribu tena. Kwa mbinu hiyo haiwezekani kushindwa. Ni suala la uvumilivu tu. Memori kadi ilikuwa moja ya kibanda kizima, na yeye alikuwa anapigana na yeyote atakayeigusa sevu yake.

Niliwahi kumuuliza kwa nini asitumie kodi ya hela kama wenzake, maana kodi inakupa maelfu papo hapo. Aliniangalia kama nimemtukana. "Dada, hela ya kodi haina utamu. Hii nimeitafuta."

Alifikisha mamilioni. Watu walikuja kuangalia tu ile namba juu ya skrini. Mtoto wa miaka 14, viatu vyake vimetobolewa na dole gumba, lakini kule ndani ni tajiri wa mtaa. Mimi nilikuwa naangalia daftari. Kila alipoliwa na kuloadi upya, hela ya ndani ilirudi yote. Dakika hazikurudi. Ziliandikwa kwa wino. Kuna wiki moja alitumia shilingi 3,500 kibandani, hela ya vibarua vya kupalilia, na nikihesabu muda, zaidi ya nusu ulikwenda kwenye kuendesha gari kwenda kusevu na kuangalia skrini nyeusi ikiloadi.

Nyuki naye alikuwa anatumia dakika zake, tusidanganyane. Hata yeye hakutoka na chochote mkononi. Lakini niliona tofauti usoni wakati ninapoita "muda!" Nyuki aliweka pedi chini, akajinyoosha kama mtu aliyeoga, akaenda. Alijua kanunua nusu saa na nusu saa imekwisha. Farasi aliomba dakika mbili. Kila siku dakika mbili. Yeye moyoni mwake hakuwa ametumia kitu, alikuwa anaelekea kupata.

Kibanda kilifungwa mwaka 2013, jenereta lilipokufa na kaka akaenda kutafuta maisha Kahama. Sisi wengine tukatawanyika, mimi nikaolewa Kasulu. Nyuki akaendelea na mizinga, baadaye akanunua pikipiki. Farasi akakaa na mama yake akamsaidia biashara ya maharage. Na kwa kweli alikuwa mzuri, ile akili ya hesabu ilimfaa. Alijua bei ya Kasulu, bei ya Kigoma mjini, na lini usiuze.

Mwaka 2021, mama mdogo akampa magunia sita akauze Kasulu. Hela hiyo ilikuwa ada ya wadogo zake wawili na mbegu za msimu. Akauza vizuri, bei ilikuwa nzuri. Usiku ule alilala gesti akiwa na hela yote kwenye simu. Asubuhi nilipata meseji moja: "Dada nimeliwa."

Mwanzo sikuelewa. Nilidhani kaibiwa. Kumbe alibeti. Si mkeka wa mpira hata, ni ile michezo midogo iliyoko ndani ya mtandao wa kubeti. Ukifungua kutafuta mechi, pembeni unakuta farasi wa katuni wanakimbia kila baada ya dakika chache, ndege inapaa, gurudumu linazunguka. Aliweka kidogo akaliwa. Akaweka zaidi ili arudishe. Ilipofika alfajiri hakukuwa na kitu.

Kikao cha ukoo kilifanyika Busunzu nyumbani kwa mjomba. Mnajua vikao hivyo: wazee kwenye viti, vijana kwenye mkeka, na mtuhumiwa anaangalia vidole vyake vya miguu. Mama mdogo hakulia, alikuwa amekaa na khanga imefungwa kiunoni kama mtu anayesubiri kwenda shamba. Mjomba akauliza swali moja kwa utulivu.

"Ulipoona zimepotea za gunia la kwanza, kwa nini hukuacha?"

"Nilijua zitarudi, mjomba."

"Zitarudije? Nani alikuambia zitarudi?"

Akanyamaza. Watu wakaguna. Shangazi mmoja akasema huyu karogwa. Mwingine akasema ni makundi mabaya. Na mimi pale kwenye mkeka nilikuwa naiona skrini nyeusi inaloadi. Nilijua kabisa nani alimwambia. Hakuna aliyemwambia kwa mdomo. Alijifunza kwa mikono, miaka mitatu, nusu saa kwa nusu saa, kwamba ukiliwa si mwisho, kuna pahali umesevu. Kichwa kinajua hiyo ni gemu. Mikono ilikuwa haijaambiwa.

Nilisema hivyo kikaoni. Sikuwa namtetea, nilikuwa naeleza. Wazee hawakunielewa vizuri, lakini yeye aliinua macho akaniangalia, na hiyo ilikuwa mara ya kwanza siku ile kuonekana kama mtu aliye hai. Baadaye nje aliniambia, "Dada, usiku ule hata niliwaza nizime simu niwashe, kama vile..." Hakumalizia. Sote wawili tulijua kama vile nini.

Wadau, msinielewe vibaya. Wako wengi walioloadi farasi wale mara elfu na leo ni wahasibu na mapadri. San Andreas haikumpora mtu hata senti: hela ya Inside Track haikuwahi kutoka nje ya skrini, na mlango kati ya ndani na nje ulikuwa umefungwa. Ninachotaka mkione ni kwamba huo mlango umetobolewa wakati sisi tumekaa.

Angalieni GTA yenyewe. Julai 2019, kwenye GTA Online, ilifunguliwa kasino kubwa ndani ya gemu. Chipu zinanunuliwa kwa hela ya gemu, na hela ya gemu unaweza kuinunua kwa hela ya kweli. Nchi kadhaa wachezaji wake walizuiwa kucheza kamari humo. Angalieni na mpira. FIFA ya 2012, ile ya 13, ilileta michezo midogo ya mazoezi, unapiga pasi, unalenga goli, bure kabisa na inakufundisha. Hiyo ni ya Nyuki. Lakini ndani ya gemu hiyo hiyo kuna kufungua pakiti za wachezaji: unalipa, zinawaka taa, roho inadunda, unapata staa au unapata beki usiyemjua. Hiyo ni ya Farasi, na safari hii farasi anakula hela ya nje. Ubelgiji waliamua mwaka 2018 kwamba masanduku ya bahati ya namna hiyo ni kamari, na Januari 2019 EA wakaacha kuuza FIFA Points kule. Kwetu sheria inasema kubeti ni miaka 18 kwenda juu. Ila mtoto wa miaka tisa akifungua pakiti kwenye simu ya baba yake, nani anamuona?

Namuona mimi, kwa mfano. Mwanangu ana miaka kumi na anacheza gemu ya mpira kwenye simu yangu. Sijamkataza. Mwanamke aliyelipiwa daftari za shule na kibanda cha gemu atakataza kwa uso gani? Ila nina jicho la mlangoni bado. Anapozunguka huko ndani akakuta kagemu kadogo kamejificha, nakaa naye, namuuliza maswali mawili. Hii ukishindwa unapoteza nini? Na ukiacha sasa hivi, utakuwa umekosa nini? Akijibu "hakuna, nacheza tu," namwacha mpaka achoke. Akianza kusema "nikifungua moja tu zaidi," simu inarudi kwangu. Ananuna. Ananuna kama mjomba wake alivyokuwa ananuna, anaomba dakika mbili.

Kuna gemu moja ndogo ambayo hiyo namruhusu hata usiku. Bando likiisha na ukafungua Chrome, anatokea yule dinosaria mdogo wa kijivu. Google walimweka mwaka 2014, kwa utani kwamba bila intaneti tumerudi enzi za dinosaria. Gonga, anaanza kukimbia, unaruka miti ya miiba. Mwaka 2018 walisema anachezwa mara milioni 270 kila mwezi, na zaidi kwenye nchi ambazo bando ni ghali au mtandao unakatika. Watengenezaji walisema wamempangia akimbie takriban miaka milioni 17 kabla gemu haijafika mwisho. Hana chipu, hana pakiti. Ukijikwaa unaanza sifuri, na hakuna sevu.

Nyuki nilikutana naye mwaka jana stendi ya Kibondo, alikuwa ameegesha pikipiki yenye ndoo za asali. Nikamtania kuhusu mdudu wake. Akacheka sana, kisha akawa makini. "Dada, kule nyumbani nikikaa natumwa. Msituni naumwa na nyuki. Pale kwenu nilikuwa na nusu saa ambayo hakuna anayeniita. Sasa kwa nini niende kupigana na polisi?" Nikamwambia wenzake walidhani hajui gemu. Akasema, "Nilijua. Nilikuwa sitaki kazi nyingine." Akawasha pikipiki akaondoka.

Na Farasi? Yuko Busunzu. Aliacha simu kubwa, anatumia ya vitufe. Anafyatua tofali msimu wa kiangazi, analima kwa kukodi, na kila akivuna anampelekea mama yake gunia, anaandikiwa. Mama mdogo ndiye anayeshika daftari sasa. Hajampa tena mzigo wa kuuza, na yeye hajauomba. Nilipopita Pasaka nilimkuta amekaa na vijana wawili kwenye benchi, wana simu, wanamuonyesha farasi wa katuni wanaokimbia, wanamuuliza atakayeshinda ni yupi. Aliangalia muda mrefu kidogo kuliko nilivyopenda. Kisha akasema, "Mimi sijui farasi," akanyanyuka kwenda kupindua tofali.

Ameshalipa magunia manne. Bado mawili.

Haya wadau, nimemaliza. Mliopita vibanda vya gemu, pedi ikiwa mkononi na misheni haieleweki, ninyi mlikuwa mnaingia wapi? Kwenye mdudu au kwenye farasi? Nasoma yote.